Kipigo cha Ghorofa ya Tatu

Zwawi dalali alifungua bomba la jikoni, akalifunga, akalifungua tena, ili wageni waone kwa macho yao kwamba maji yanafika ghorofa ya tatu. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kumi na moja ya Ramadhani, na hapa Setif maji yanayofika ghorofa ya tatu saa nne asubuhi si jambo la kupita bila kutajwa. Dawadi akaweka kidole chini ya maji. Mkewe, Hadda, akatazama dirisha, akaona jua linaingia mpaka kwenye sinki. Akatazama sakafu, akaona vigae vitatu vimepasuka mahali pamoja, kana kwamba mtu aliangusha kitu kizito hapo mara nyingi. Hakuuliza. Mtu aliyefunga haulizi sana.

"Elfu ishirini na tano kwa mwezi," alisema Zwawi. "Nyumba kama hii, mtaa huu, ni thelathini na tano, arobaini. Muulizeni yeyote."

"Sasa hii imeshuka kwa nini?" aliuliza Dawadi.

"Ina kipigo. Alasiri. Si kirefu, kinaisha kabla imamu hajatoa salamu. Mimi sifichi kitu, ndugu yangu. Haji Abdulbaki mwenye nyumba aliniambia mwenyewe niseme, na ndiyo maana akapunguza."

Dawadi na Hadda walikuwa watu wazima na hawakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wakasema watangoja alasiri wajionee. Zwawi akawaachia ufunguo, akaenda kulala, kama tunavyolala wote mchana wa Ramadhani. Wale wawili wakaketi jikoni juu ya ndoo mbili za rangi zilizogeuzwa, midomo imewakauka, wakingoja kupigwa. Adhana ikapita. Imamu akaswalisha, akatoa salamu. Hakuna kilichotokea, hata mlango haukugonga. Dawadi akaswali pale pale, akakung'uta magoti, akasema, "Watu wa mjini kwa kulalamika, hawajambo."

Kosa lao lilikuwa hilo tu, kosa la vichwa vilivyochoka kwa funga. Walisahau kwamba mwezi wa Ramadhani kila kitu hubadilisha saa. Maofisi yanafunguliwa asubuhi imekwisha nusu, maduka yanachangamka usiku, na kipigo cha ghorofa ya tatu, ambacho mchana kilikuwa kimefunga kama Waislamu wengine, kilikuwa kikifanya kazi yake baada ya futari. Jirani yeyote angeweza kuwaambia. Majirani walikuwa wamelala.

Walikuwa wametoka kijiji kimoja cha milima ya Babor, mahali ambapo theluji ikishuka, barabara inakatika wiki nzima. Dawadi alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha mabomba ya plastiki nje ya mji. Lakini usidhani walihama kwa ajili ya kiwanda. Hadda alikuwa amezaa mara mbili barabarani, ndani ya gari lililokwama kwenye theluji, na mara zote mbili alirudi nyumbani na mtoto aliyefungwa kwenye shuka, baridi. Baada ya wa pili alimwambia mumewe kwamba hatabeba mimba nyingine mpaka alale mahali ambapo hospitali iko karibu kuliko makaburi. Kutoka jikoni mwa ile ghorofa ya tatu, ukiinama kidogo dirishani, unaliona lango la hospitali. Hadda aliinama, akaliona, na shauri likaisha.

Kwetu hapa mwenye nyumba hapokei mwezi mmoja mmoja. Unampa mwaka mzima mkononi, ndipo anakupa ufunguo, na kilichotolewa hakirudi. Hadda akauza bangili zake nne na mshipi wa dhahabu aliovaa siku ya harusi. Sonara aliupima ule mshipi huku akipiga miayo ya funga. Hadda hakulia pale dukani. Alilia njiani, kidogo, akasema ni vumbi.

Wakahamia siku ya pili ya Idi. Siku hiyo Dawadi alikuwa amesimama jikoni akimenya chungwa. Muadhini akaadhini alasiri. Kabla hajamaliza, kitu kikampiga Dawadi shavu la kushoto, konde lenye pete, na chungwa likaenda chini ya meza. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Kisha likaja teke la muundi, akapiga magoti pale penye vigae vilivyopasuka. Kisha mpini wa sepetu ukamshukia mgongoni, mara nne, na mara ya tano ubavuni. Sepetu lenyewe halikuonekana, lakini mtu aliyewahi kubeba sepetu anaujua mpini wake. Mwishowe mkono ukamshika nywele za kisogoni ukamgonga paji kwenye ukingo wa sinki. Msikitini imamu akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Kimya.

Hadda alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia meza.

"Basi ndicho hicho," alisema.

"Ndicho," alisema Dawadi, akatema damu kwenye sinki, akafungua bomba. Maji hayakutoka, saa zake zilikuwa zimepita.

Jioni Bi Saliha wa ghorofa ya pili alipanda na sahani ya vitobosha vya Idi, akawakaribisha mtaani, akawaeleza utaratibu. Kipigo kilitaka mpangaji. Kikimkuta, kinafanya kazi yake na kinakwenda. Kisipomkuta, kinavunja vyombo, na kikishamaliza vyombo kinatoka kwenye ngazi kumtafuta, kinagonga milango ya watu. Mwaka juzi kilimvunja mkono mtu wa kusoma mita ya gesi, ambaye hakuwa mpangaji wa mtu yeyote.

"Kwa hiyo, wanangu, tunawaomba tu," alisema Bi Saliha. "Alasiri mmoja wenu awe ndani. Sisi hatuna ubaya na mtu."

Dawadi alitazama kwenye kioo. Pete ilikuwa imemwachia alama shavuni: mwezi mwandamo, na herufi moja ndani yake. Kesho yake akaenda kununua msumari wa kutundikia picha kwenye duka la vifaa vya ujenzi, chini ya jengo lile lile. Duka ni la Haji Abdulbaki na wanawe watatu. Mdogo, Walidi, ndiye aliyempimia misumari, na kidoleni alikuwa na pete ya fedha yenye mwezi mwandamo, na herufi ile ile. Kijana mpole, mwenye adabu. Alimwongezea misumari miwili ya bure.

Dawadi akamwendea Haji, aliyekuwa ameketi nyuma ya kaunta na tasbihi.

"Haji, mkono wa mwanao unanipiga jikoni."

"Najua," alisema Haji Abdulbaki. "Zwawi hakukwambia?"

"Aliniambia kipigo. Hakuniambia cha nani."

Haji akamweleza bila kuinua sauti, kama mtu anayeeleza bomba limepita wapi ndani ya ukuta. Miaka minne nyuma aliishi pale kinyozi, jina lake Mabruk. Kodi za mji zikapanda katikati ya mwaka, Haji akamtaka aongeze au ahame, Mabruk akajibu kwamba mwaka wake ameulipia na haujaisha. Basi vijana wakapanda siku ya Jumanne, alasiri, na mpini wa sepetu. Mabruk akahama. Kipigo hakikuhama. "Tulipaka rangi mara mbili," alisema Haji. "Tulisomesha Kurani. Sasa mimi nifanye nini? Nimekupunguzia elfu kumi kwa mwezi, mwanangu. Nenda popote mjini uone kama kuna mwenye nyumba anayekupunguzia hata mia."

Dawadi aliipiga hesabu, akaona ni kweli. Hilo ndilo lililomchoma kuliko mpini. Alipanda ngazi akiwa na hasira ya kutaka kuvunja kitu, na kitu pekee kilichokuwa mkononi ni misumari. Akapigilia mmoja, akatundika picha ya baba yake.

Wakazoea. Zamu ya Dawadi kiwandani ilikuwa ya asubuhi, saa nane na nusu yuko nyumbani. Alijifunza kufunga blanketi kiunoni chini ya shati, kuuma kitambaa ili meno yasigongane, kugeuza uso kidogo ili pete ipige mfupa badala ya jicho. Utaratibu haukubadilika hata siku moja: pete, teke, mpini mara tano, sinki. Ukishaujua unaweza kufikiria mambo mengine. Alikuwa akifikiria bei ya viazi. Mafuta yalipanda, maziwa ya mfuko yakaadimika, nyama wakaiacha iwe ya Ijumaa, kisha ya Ijumaa moja kwa mwezi. Mwezi wa Juni Hadda akamwambia kwamba ana mimba. Siku ile Dawadi alipigwa huku anacheka, na Bi Saliha akapanda kuuliza kama kuna tatizo.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, msimamizi wa kiwanda akabandika zamu mpya ukutani. Dawadi alipangwa kuanzia saa saba mchana mpaka saa tatu usiku.

"Siwezi alasiri," Dawadi alimwambia. "Nina kipigo nyumbani."

"Kila mtu ana lake nyumbani alasiri," alisema msimamizi. "Mwenzako hapa mama yake amepooza. Ukitaka, nje kuna watu arobaini wanaitaka hiyo zamu."

Hadda alikuwa na mimba ya miezi saba. Usiku ule Dawadi aliweka mkono juu ya tumbo la Hadda, mtoto akarusha teke, na Dawadi akauondoa mkono haraka, maana siku hizo kila teke lilimkumbusha lile lingine. Aliogopa. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne na aliogopa saa ya swala.

Asubuhi akapanda tramu mpaka mwisho wa reli, akaulizia, akampata Mabruk kinyozi. Alikuwa amepanga nusu ya gereji. Nusu ya pili ilikuwa na gari la mwenye gereji. Ukuta ulitoka maji, lakini maji tu, hakuna kingine. Mabruk alikuwa akimnyoa mzee mmoja chini ya taa.

"Nimekuja kuhusu kipigo chako," alisema Dawadi.

"Changu nilishakipokea," alisema Mabruk bila kugeuka. "Na risiti ninayo." Akacheka, akageuka, akachomoa meno ya bandia, akaonyesha mdomo usio na meno ya juu, akayarudisha. "Walidi bado anaanza na shavu la kushoto?"

"La kushoto."

"Yule dogo hana ubunifu. Na Bubakari, yule mkubwa, mwenye mpini? Mara tano?"

"Nne mgongoni, moja ubavuni."

"Ile ya ubavuni ilimponyoka. Alilenga mgongo. Mimi nilisogea." Mabruk aliwaza kidogo, wembe ukiwa hewani. "Samahani kwa hiyo, ndugu yangu. Ningejua itabaki, nisingesogea."

Dawadi akamweleza zamu, akamweleza Hadda, akamweleza wale watoto wawili wa kwenye theluji. Mabruk akamfuta mzee povu masikioni, akamsindikiza mlangoni. Kisha akasema kwamba mwenye gereji amemwongezea kodi tangu Novemba, na vichwa vya kunyoa ni vichache, watu wanajinyolea nyumbani kwa mashine. Akataja bei. Dinari mia tatu kwa siku na bakuli la supu. Ijumaa mia nne, kwa sababu ni Ijumaa.

"Utapigwa kipigo chako mwenyewe kwa mia tatu?" aliuliza Dawadi.

"Mara ya kwanza nilipigwa bure," alisema Mabruk.

Basi Mabruk akawa anakuja. Kila siku saa nane na robo anagonga mlango, anavua viatu, anauliza hali ya mtoto kwa kutazama pembeni, kwa heshima. Anavua meno yake ya bandia anayaweka kwenye glasi juu ya friji. Kipigo kilimtambua. Hadda, akiwa chumbani na mlango umefungwa, aliweza kusikia kwamba kilimpiga vizuri zaidi, bila kusitasita, kama nguo inavyomkaa aliyeshonewa. Mabruk hakulia wala hakuguna. Akishamaliza anaosha uso kwa maji ya ndoo, anavaa meno, anakunywa supu ya ngano mbichi iliyochomwa na mkate uliookwa kwenye kikaango cha udongo, anasifu chumvi. Hadda alimchukia siku za mwanzo, kwa sababu alikuwa akila pesa ya nepi. Baadaye akawa anamwekea kipande cha nyama chini ya bakuli, na hakumwambia Dawadi.

Siku ya mwisho ya Januari theluji ilianguka tangu alfajiri, nyingi, mpaka tramu ikasimama. Mabruk akatoka kwa miguu. Saa nane na robo hakufika. Saa nane na nusu hakufika. Hadda alisimama dirishani, tumbo limegusa kioo, akaona barabara nyeupe haina mtu, na lango la hospitali, na akakumbuka lile gari. Angeweza kushuka kwa Bi Saliha. Alishuka. Alibisha, na Bi Saliha akasema nyuma ya mlango, kwa sauti ya huruma kabisa, "Mwanangu, nina wajukuu humu ndani." Hadda akapanda tena. Hakumlaumu, au alimlaumu lakini hakuwa na muda.

Jikoni alikuwa ametwanga kitunguu saumu. Kinu chake kilikuwa cha shaba, alipewa na mama yake, na mchi wake ni wa shaba pia, mzito, wenye kichwa pande zote mbili. Adhana ikaanza. Hadda akasimama mgongo ukutani, mikono yote miwili tumboni.

Pete ikampiga shavu la kushoto. Lilipokuja teke alikuwa ameshageuka, likampata paja. Akahisi mpini unainuliwa, unajua unavyohisi mtu akiinua kitu nyuma yako, hewa inapungua. Hapo ndipo hasira ilipomjaa Hadda, hasira ya miezi yote ile ya kipigo na ya watoto wawili, na mkono wake ukaondoka tumboni ukauchukua mchi. Akapiga mbele yake, kwa nguvu zote, kwenye urefu wa taya la kijana. Mchi ukagota kwenye kitu. Kikasikika kitu kinavunjika, kama mfupa wa kuku mzee. Akapiga tena, juu kidogo. Tone la damu, si lake, likaanguka kwenye kigae, likafuatwa na jino.

Kipigo kikaacha katikati. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne na ushei, imamu alitoa salamu na jikoni kulikuwa kimya tangu rakaa ya pili.

Chini dukani, Walidi alikuwa akimpimia mteja misumari. Mteja anasema kijana aliangusha mizani, akashika taya, akaketi sakafuni, na damu ikajaa kwenye sanduku la misumari ya inchi tatu. Mteja akangoja kidogo, kisha akaenda kununua kwingine.

Mabruk alifika saa kumi, theluji mpaka magotini, akaona jino sakafuni. Akaliokota, akalitazama kwenye mwanga. "Hili la Walidi," alisema. Akaketi. "Dada yangu, mimi sikuwahi kufikiria kwamba unaweza kuwapiga." Hakutaka mia tatu siku ile. Alikunywa supu tu.

Siku kumi na mbili kipigo hakikuja. Hadda alikuwa akikaa jikoni alasiri na mchi mapajani, akishona kofia ya mtoto. Bi Saliha alipanda na keki. Jengo zima liliswali alasiri kwa utulivu, na watu wakaanza kusema kwamba ile ghorofa ya tatu sasa ni nyumba ya kawaida.

Maneno hayo yakafika chini dukani. Siku ya kumi na tatu, Jumanne, Haji Abdulbaki akapanda na wanawe wote watatu. Dawadi alikuwa nyumbani, kiwanda kimefungwa kwa sababu umeme ulikatika. Mabruk alikuwepo pia. Aliendelea kuja, kwa tahadhari, kwa nusu ya bei.

"Nyumba haina kipigo," alisema Haji. "Kwa hiyo bei yake ni thelathini na tano, tangu mwezi huu. Na kuna taya la mwanangu. Nalo lina gharama."

"Mwaka wangu nimeulipa, Haji," alisema Dawadi. "Imebaki miezi miwili."

Mabruk aliyasikia maneno hayo, akainamisha kichwa, kwa sababu alishawahi kuyasema yeye, mahali pale pale.

Haji akashika tasbihi yake, akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi. Adhana ya alasiri ikaanza. Walidi, taya limefungwa bendeji mpaka utosini, akatangulia na pete, shavu la kushoto la Dawadi. Nadhiri, wa katikati, akapiga teke. Bubakari alikuwa amekuja na mpini mpya kutoka dukani, karatasi ya bei bado iko juu yake. Na wakati ule ule, kile cha zamani, kilichokuwa kimenyamaza siku kumi na mbili, kikarudi na kuingia kazini pamoja na wenyewe, kila konde likaanguka mara mbili, la leo na la miaka minne. Dawadi alikuwa hana blanketi kiunoni. Mkono wake wa kulia ukavunjika kwa pigo la tatu la mpini. Hadda akatoka chumbani na mchi, Nadhiri akamshika viganja akamnyang'anya, akautupa nyuma ya mlango. Hakumpiga. Alimsukuma tu, na Hadda akaketi kwa kishindo kwenye vigae.

Dawadi alimtazama Mabruk aliyekuwa amejibanza karibu na friji. "Mabruk," alisema, mdomo umejaa damu.

"Hiki si changu, ndugu yangu," alisema Mabruk. Alikuwa akilia. "Wallahi, hiki si changu." Akachukua meno yake kwenye glasi, akashuka ngazi.

Imamu akatoa salamu. Vijana wakamalizia kwa kutupa nje godoro, kinu, sanduku la nguo, kitanda cha mtoto ambacho hakijalaliwa, na picha ya baba yake Dawadi, vyote kwenye ngazi. Haji aliokota kofia ya mtoto iliyoanguka, akaiweka vizuri juu ya sanduku, kwa sababu ni mtu anayependa usafi.

Polisi walikuja. Walipanda, wakaona damu, wakauliza majirani walisikia nini.

"Kipigo," alisema Bi Saliha. "Alasiri, kama siku zote."

Afisa akauliza kama kilikuwa na tofauti yoyote. Bi Saliha akafikiria kwa uaminifu, akasema labda kilikuwa na sauti kubwa kidogo. Afisa akaandika kwamba mahali hapo pana kipigo tangu zamani, kinachojulikana na wote, hata kwenye bei. Akapiga muhuri.

Hadda alijifungua jioni ile ile. Alitembea mpaka hospitali kwa miguu yake, dakika tano, kama alivyopanga, akiwa ameshikilia mkono mzima wa mumewe. Mtoto wa kike, hai, mwenye sauti. Kwenye shavu la kushoto alikuwa na alama, mwezi mwandamo na herufi moja ndani. Mkunga akaipangusa, haikutoka. Akaandika kwenye kadi: alama ya kuzaliwa. Walimwita Najati.

Wakapanga ile nusu ya pili ya gereji, maana mwenye gereji alikuwa ameliuza gari lake, alipe kodi ya nyumba anayoishi. Mabruk alikuwa upande wa pili wa turubai. Wiki ya kwanza hawakusemeshana. Wiki ya pili Mabruk akamnyoa Najati nywele za uzazi, kwa upole, bila malipo, na yakaisha.

Ramadhani ikaingia tena. Mtoto alipotimiza siku arobaini na moja, Hadda akamfunga mgongoni, akapanda tramu kwenda kuchukua mchi wake, kwani kinu kilikuja peke yake. Akakuta mlango wa ghorofa ya tatu uko wazi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Zwawi dalali alikuwa akifungua na kufunga bomba mbele ya kijana mmoja na mkewe, wageni, viatu vyao bado vina tope la shamba.

"Huyu hapa aliishi humu," alisema Zwawi kwa furaha. "Muulizeni. Dada, jua linaingia au haliingii?"

"Linaingia," alisema Hadda.

Akatazama sakafu. Vigae vilivyopasuka sasa vilikuwa sita. Akamwambia yule mwanamke, bila kumung'unya maneno, kwamba nyumba ina vipigo viwili, kimoja juu ya kingine, na kwamba wasingoje alasiri ya leo, maana vimefunga. Waje baada ya Idi.

"Baada ya Idi itakuwa imeshachukuliwa," alisema Zwawi. "Na nimewaambia vyote viwili, sikuficha. Elfu thelathini."

"Mbona mimi ilikuwa ishirini na tano, na kipigo kimoja?" aliuliza Hadda.

"Dada yangu, mji umepanda."

Yule mwanamke alikuwa na bangili tatu mkononi, akizizungusha. Aliinama dirishani, akatazama lango la hospitali, akakaa hivyo kitambo. Kisha akageuka, akamtazama Najati mgongoni, shavu lake, ile alama.

"Ni ya pete?" aliuliza.

"Ya pete."

Mwanamke akatikisa kichwa polepole. Akamsogelea Hadda, akashusha sauti ili wanaume wasisikie, kama mtu anayeuliza jambo la ndani.

"Na maji, dada? Yanafika kila siku?"

"Saa mbili mpaka saa nne na nusu," alisema Hadda. "Jaza ndoo mapema."

Akamwonyesha mahali pa kusimama, mgongo ukutani, upande wa kushoto wa sinki, na jinsi ya kufunga blanketi. Mchi ulikuwa bado uko nyuma ya mlango. Hadda akauokota, akaupima mkononi, akautia mkononi mwa yule mwanamke. Kisha akashuka ngazi na mtoto wake, akarudi kwa tramu. Jioni ile alitwanga kitunguu saumu cha futari kwa kitako cha chupa.